Neno Kutoka Nyumba ya Muhidin

Bondeni, Nakuru
5 Machi 1958

Kwa ndugu yangu Shariff,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, mimi sijambo na mwili una nguvu. Tangu mlipoondoka baada ya hitima niko ndani. Nimezoea kuujua mchana kwa mwanga unaoingia chini ya mlango: unaanza kwenye mguu wa kitanda, unafika jikoni, halafu unatoka. Wanawake wa jirani wananichotea maji na kuninunulia mkaa. Jelagat wa chumba cha pili ndiye anayekuja zaidi. Yeye si wa dini yetu na hakuwa ameijua eda, lakini nilipomweleza kwamba mjane hatoki mpaka muda wake uishe, alisema basi miguu yake itakuwa yangu.

Juzi nilikuwa nafua nguo za marehemu ili nizitoe sadaka, nikakuta vishona-nguo, zile mbegu za magugu, bado vimeng'ang'ania soksi zake. Unakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka msituni, anakaa kwenye kigoda ananyoosha miguu, mimi nanyofoa kimoja kimoja, na yeye ananikataza kuvitupa uani visije vikaota. Nimevinyofoa vyote. Halafu sikujua niviweke wapi.

Sasa sikiliza sababu ya barua hii. Jumapili Maalim Feruzi alikuja na afisa wa manispaa. Wewe unamjua Maalim, ndiye aliyemwosha Muhidin na kumswalia. Alisimama nje ya pazia akanieleza maneno ya mzungu. Manispaa wanataka kujenga nyumba mpya za wafanyakazi, na mahali walipopaona ni mteremko wa chini wa msitu wa akiba, kuanzia nyuma ya lokesheni yetu hapa mpaka ile njia iliyofyekwa kuzuia moto usipande Menengai. Ni pale pale Muhidin alipolinda miaka yote, ambapo sheria inasema hakuna kujenga, hakuna kukata, hakuna kulisha mbuzi. Sheria hiyo itaondolewa upande wa chini kama watu wakikubali. Watasikiliza maoni Jumamosi tarehe 29 katika ukumbi wa hapa Bondeni, na afisa anataka pia neno kutoka nyumba ya Muhidin, kwa kuwa hakuna aliyeijua ardhi ile kama yeye.

Mimi niko eda mpaka katikati ya Juni, siwezi kwenda kusimama ukumbini. Mungu hakutujalia mtoto, na baba hayupo. Mwanamume wa nyumba hii sasa ni wewe. Njoo useme. Sema Muhidin alikuwa akisema mteremko ule ndio unaoshika vumbi la mji huu, na mvua ikiwa kubwa ndio unaozuia maji yasishuke Bondeni kwa hasira. Sema mitarakwa mingine aliipanda kwa mkono wake na haijafika bega la mtu. Sema isikatwe.

Chumba hiki ni cha manispaa, tulipewa kwa ajili ya kazi yake. Wameniachia mpaka eda iishe. Baada ya hapo sijui. Lakini hilo usilitaje ukumbini, watu wasidhani naomba.

Msalimie sana wifi Nuria.

Dada yako,
Kadija


Kihoto, Naivasha
13 Machi 1958

Dada yangu Kadija,

Alaykum salaam warahmatullahi. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili Nuria asikie. Habari ya soksi ilimtoa machozi.

Dada, kuja siwezi. Dereva mwenzangu amevunjika mkono, na maziwa ya Ndabibi hayangojei mtu. Kila asubuhi lazima yafike stesheni kabla jua halijapanda, na bwana wa shamba ameniambia nikikosa siku moja nisirudi siku ya pili. Lakini nitamwandikia Maalim Feruzi barua, naye ataisoma mbele ya watu kwa niaba ya nyumba. Unajua mwandiko wangu, na unajua nikitaka kuandika vizuri naandika vizuri.

Kusema kweli sikukuelewa sana. Mimi kila siku napita Ndabibi naona seng'enge kulia na kushoto, ng'ombe wana mahali papana pa kulala kuliko watu. Madereva wa hapa wakisikia kuna mji unaotaka kufungua msitu uwajengee wafanyakazi, watapiga makofi. Nilipomweleza mmoja alisema, "Huyo dada yako analala chini ya mti?" Nikacheka, nisamehe. Lakini wewe ndiye uliyenilea, neno lako nitalifikisha.

Chumba chako huku kiko tayari. Nimekipaka chokaa mwenyewe, na kitanda cha mama nimekitia kamba mpya. Ziwa mwaka huu halijatusumbua, lilifika kwenye ua likageuka. Usikae kuwaza eda ikiisha utakwenda wapi. Unajua pa kwenda.

Nuria hajambo, ila siku hizi analala sana mchana. Nadhani ni joto. Anauliza utakuja lini.

Lori langu limepata adabu. Sasa linakohoa mara moja tu mpaka juu ya mlima.

Mdogo wako,
Shariff


Bondeni, Nakuru
23 Machi 1958

Ndugu yangu Shariff,

Ramadhani njema kwenu nyote. Kama hujamwandikia Maalim, usiandike. Kama umeshaandika, mwandikie tena haraka umwambie asisome. Nitakueleza kwa nini, na usinikasirikie.

Tangu mfungo uanze Jelagat anakuja jioni kunisaidia futari, na wasichana wake wawili wanalala kwangu sakafuni. Nilidhani wanakuja kuniondolea upweke. Kumbe chumbani kwao hawaenei. Mume wake anafanya kazi kwenye kinu cha unga, na ndugu zake wawili wako naye, na watoto, na mama mzee aliyetoka Eldama Ravine. Wanalala kwa zamu. Anayerudi kazini anangoja anayeondoka ainuke.

Jana nilikuwa nikimsimulia Jelagat habari za miti. Unajua mimi nikianza kumsema Muhidin sinyamazi. Nikamwambia alikuwa akiacha hatua nne kati ya mti na mti ili kila mmoja upate hewa. Jelagat alikuwa ananichambulia mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mume wako alikuwa mtu mzuri, mama. Hata miti aliipa nafasi. Sisi chumbani tuko tisa."

Hakusema kwa ubaya. Akaendelea kuchambua.

Tangu hapo sikai nikatulia. Nainuka, nakaa, nafungua sanduku nalifunga. Na kuna jambo sijapata kumwambia mtu. Miaka ile ya msako, askari walipokuwa wakiingia lokesheni na kuwatoa watu vyumbani, kulikuwa na watu waliokuwa wakijificha kule mteremkoni na watoto wao. Muhidin alikuwa akikuta majivu ya moto wao asubuhi. Aliyafukia kwa kiatu na hakupeleka habari. Aliniambia mara moja tu. Akasema, "Kadija, nimeajiriwa kuangalia miti isikatwe. Hakuna aliyekata."

Kwa hiyo mimi sijui leo angesema nini. Nilikuandikia kama ninayejua, kumbe nilikuwa nataka tu kitu chake kimoja kisiguswe. Habari ya vumbi ni kweli, alikuwa akiisema, sikukudanganya. Lakini na hao tisa ni kweli, niko nao ukuta mmoja.

Basi kusitoke neno lolote kutoka nyumba hii. Watakaokuwemo ukumbini waseme yao.

Dada yako,
Kadija


Kihoto, Naivasha
3 Aprili 1958

Dada Kadija,

Salamu nyingi. Barua yako ya tarehe 23 ilinifikia Jumatatu, na baraza lilikuwa limeshapita Jumamosi. Posta ya mwezi wa mfungo unaijua. Kwa hiyo lililokuwa limekuwa, na nadhani Mungu ndiye aliyepanga.

Tena usihuzunike, kwa sababu lilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Maalim ameniandikia. Anasema aliposoma barua yangu ukumbi mzima ulinyamaza, hata yule afisa alivua kofia. Anasema wanaume wote wa msikitini walisimama pamoja. Marehemu amepewa heshima yake. Watu wangapi wanapata hiyo, dada?

Sasa jambo hilo limekwisha, lisikukoseshe usingizi. Maliza eda yako kwa amani, halafu nitakuja na lori kuchukua vitu vyako. Nuria ameshapanga rafu za vyombo vyako.

Mdogo wako,
Shariff


Bondeni, Nakuru
11 Aprili 1958

Shariff,

Maalim Feruzi alikuja juzi baada ya alasiri. Alisimama nje ya pazia kama kawaida. Akasema, "Binti yangu, wasia wa Muhidin tumeusimamia." Nikamuuliza wasia gani. Alidhani nalia. Akaniombea dua akaondoka.

Yaliyobaki nimeyaokota kidogo kidogo, kwa mke wa Maalim na kwa dirisha. Inasemekana wanaume wengi wa Bondeni walikwenda ukumbini wakitaka nyumba zijengwe. Mtoto wa Maalim mwenyewe alikuwa na maneno yake tayari, maana yeye na mkewe na watoto watatu wanakaa jikoni kwa baba yake. Ikasomwa barua. Baada ya hapo hakuna Mwislamu aliyefungua mdomo. Nani atasimama kupinga wasia wa maiti ambaye kaburi lake bado halijashuka udongo? Wale wasio wa dini yetu waliposema wanataka nyumba, waliambiwa hawana adabu kwa marehemu. Ikawa kelele. Afisa ameandika kwamba Bondeni haina neno moja, na shauri limeahirishwa mpaka Juni.

Jelagat haji tena. Wasichana wake wamerudi kwao. Maji ananiletea mke wa Maalim, na mkaa nasubiri anayepita. Sikuulizwa lolote na mtu yeyote, lakini bomba la maji liko karibu na dirisha langu na watu hawasemi polepole. Wangeci, yule anayeuza chai na mandazi pale bombani, alisema jana, "Maiti amekataa tujengewe. Yeye ameshapata nyumba yake, na hailipiwi kodi."

Wanawake walicheka sana. Na mimi, Mungu anisamehe na niko katika eda, karibu nicheke, kwa sababu Muhidin angecheka.

Halafu nikakaa chini. Shariff, mimi nilikuandikia kwamba alikuwa akisema hivi na hivi, kama mtu anavyosema akivua viatu. Sikukwambia ameacha wasia. Uliandika nini?

Kadija


Kihoto, Naivasha
25 Aprili 1958

Kwa wifi yangu mpenzi Kadija,

Idi mubarak, ingawa siku zimepita. Ni mimi Nuria ninayeandika. Mwandiko wangu si mzuri, utanivumilia. Shariff nimemwambia nakuandikia. Alitoka akaenda kuosha lori, na lori lilikuwa safi.

Barua yako ya pili haikufika Jumatatu. Ilifika Jumatano kabla ya baraza. Mimi ndiye niliyeipokea. Aliporudi akaisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Nikamwambia aende posta apige telegramu kwa Maalim. Akasema kesho. Kesho yake akasema kazi nyingi. Ijumaa sikumuuliza tena.

Kwa Maalim aliandika, "Haya ndiyo aliyotuachia marehemu." Nilimwona akiandika. Wifi, hakukusudia wasia. Alitaka barua iwe na uzito, na alidhani ndivyo inavyoandikwa habari ya mtu aliyetangulia. Lakini Maalim alipomwandikia kushukuru kwa wasia, alijua wamelichukuaje, na akanyamaza.

Nitakueleza kwa nini alinyamaza, na hapo mimi pia nimo. Tulisema wenyewe kwa wenyewe, nyumba zikijengwa, manispaa watamwonea Kadija huruma watampa moja, atabaki huko. Zisipojengwa atakuja kwetu. Na mimi nilitaka uje. Nina mimba, wifi, mwezi wa tano sasa. Zile mbili za kwanza unajua hazikukaa, ndiyo maana safari hii nilimkataza Shariff asimwambie mtu, hata wewe. Nalala mchana nikiogopa kugeuka. Mama yangu hayupo na mama yenu hayupo. Nilitaka mtu mzima wa kike awe mlangoni pangu. Nilitaka sana mpaka Ijumaa ile nikanyamaza.

Shariff si mtu mbaya. Hali chakula vizuri siku hizi.

Wifi yako,
Nuria


Kihoto, Naivasha
9 Mei 1958

Dada,

Nuria amekwisha kukueleza, sina la kuongeza. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Katika barua yako ya mwanzo wa mwezi huu unaniambia nimwandikie Maalim kwamba hakukuwa na wasia, la sivyo utakwenda kusema mwenyewe. Fikiri kwanza. Maalim alisoma mbele ya watu. Nikisema si wasia, yeye ataonekana mjinga na mimi mwongo, na itasemwa nyumba ya Muhidin ilimchezea maiti wake. Nani atafaidi? Juni watalisahau.

Na jambo lingine. Juzi nilimpakia karani mmoja wa Nakuru, nikamuuliza habari za hizo nyumba. Zitapewa wanaume wenye kazi, kwa majina yao. Mjane hana nafasi hata ya kuomba. Kwa hiyo mimi na Nuria tuliogopa bure, na wewe unasumbuka kwa ajili ya mlango ambao hutaufungua. Ukienda kusimama ukumbini, utakuwa mwanamke aliyetoka eda juzi na leo yuko mbele ya wanaume akimkanusha mume wake. Umeishi Bondeni muda wote huo bila mtu kukunyooshea kidole. Utakitafuta sasa?

Mvua ni kubwa. Ziwa limeingia uani na kuku wako juu ya paa la jiko.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi bado, njoo tu, utanisamehe ukiwa huku.

Shariff


Bondeni, Nakuru
25 Juni 1958

Kwa ndugu yangu Shariff na wifi yangu Nuria,

Assalaam alaykum. Nimekaa bila kuwaandikia tangu Mei, si kwa hasira. Kila nilipoanza niliona sijui mwisho wake, nikaweka kalamu.

Eda iliisha Jumatatu ya wiki iliyopita. Mke wa Maalim alikuja na maji ya moto, nikaoga, nikavaa kanga mpya, akanishika mkono tukavuka kizingiti pamoja. Jua lilinichoma macho. Nilidhani nitataka kwanza kwenda kuwashukuru walionihudumia, lakini miguu ilinipeleka mteremkoni.

Shariff, wameshaipiga miti alama nyeupe za chokaa, ile itakayoondoka kama shauri likipita. Nilipita katikati yake nikitafuta ile aliyoipanda Muhidin. Nilikuwa na hakika nitaijua. Sikuijua. Michanga ni mingi kuliko nilivyodhani, yote ni mitarakwa, yote imesimama sawa. Nilikaa chini kwa muda, nikainuka nimejaa vishona-nguo, nikarudi.

Kesho yake nikaenda kwa Maalim nikamwambia kila kitu. Alinisikiliza akizungusha tasbihi. Mwisho akasema, "Binti yangu, watu wametulia. Mimi ndiye niliyesoma." Nikamwambia najua, ndiyo maana nimekuja kwake kwanza. Akaizungusha mpaka shanga ya mwisho. Halafu akasema yeye hataweza kulitamka, lakini kama nitalitamka mimi hatanikataza.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wanawake tulikaa nyuma. Wangeci aliacha chai yake akaja, na Jelagat alikuwa upande wa pili, hakunitazama. Afisa alipouliza kama kuna wa kwanza, nilisimama. Nikashika kiti kilichokuwa mbele yangu. Wanaume wakageuka wote, na mmoja akasema kwa sauti kwamba mjane wa Muhidin akae, neno lake linajulikana.

Nikasema, "Muhidin hakuacha wasia. Yale yalikuwa maneno yangu, na ndugu yangu aliyaandika kwa kumheshimu marehemu, yakawa makubwa kuliko yalivyokuwa. Neno la mwisho la Muhidin aliniuliza kama nimefunika mtungi wa maji. Nikamwambia nimefunika. Hakusema tena."

Sikuwahi kumwambia mtu neno hilo, hata ninyi. Nilikuwa nikilikumbuka peke yangu kabla ya kulala. Nilipolitoa pale mbele ya watu wote, na karani akilitafsiri kwa mzungu, niliona kama nimetoa nguo yake ya ndani nikaianika barabarani. Lakini kama ningesema tu hakuna wasia, wangedhani nimebadilika kwa kutaka nyumba. Ilibidi wasikie alivyokufa kweli, mtu anayewaza maji yasiingie vumbi.

Hakuna aliyecheka. Maalim Feruzi alisimama kwa kushikilia fimbo yake, akasema yeye alisoma alichoandikiwa, na sasa amesikia kwamba hakuna wasia, basi kila mtu aseme lake. Akakaa.

Wakaanza. Mtoto wa Maalim alisema nyumba zijengwe kesho. Mume wa Jelagat alisema habari ya kulala kwa zamu, na wengi wakaitikia kwamba hata kwao. Mzee mmoja ambaye chumba chake kilibebwa na maji mwaka ule wa mvua alipinga kabisa, akasema wakikata pale watajenga upya Bondeni kila Aprili. Mwanamke wa kuni akauliza yeye atakwenda wapi, maana matawi makavu ndiyo shamba lake. Wakamcheka, akawaambia wataona watakavyokula ugali mbichi kwenye nyumba zao mpya. Na Maalim mwenyewe, nani angejua, akasimama tena akasema kwa kinywa chake kwamba hataki miti ikatwe, kwa ajili ya vumbi na kifua chake. Mtoto wake akamwambia, "Lakini baba, kifua chako kinasumbuliwa na moshi wetu jikoni." Ukumbi ukaangua kicheko, na mzee akacheka naye.

Mwisho afisa akaniuliza, na mimi binafsi nasemaje. Nikamwambia nilitaka miti ibaki na watu wapate pa kulala, na naona yote mawili hayaenei pale. Basi waanze na watu.

Jana Jumanne jibu limetoka. Upande wa chini utafunguliwa mpaka njia ya moto, na juu yake patabaki pa akiba kama zamani. Jina la mume wa Jelagat limeandikwa. Langu halimo, na Shariff uliniambia kweli.

Jelagat alikuja jana jioni na unga wa wimbi. Alikaa, akaangalia vitu vyangu nilivyovifunga, akauliza kwa nini kamba nimeifunga vibaya, akaifungua akaanza upya. Nilipofumbua mdomo kumweleza habari ya ile barua ya kwanza, alinikatiza. "Acha, mama. Nilinuna miezi mitatu, imetosha. Shika hapa nikaze."

Chumba hiki nakitoa mwisho wa mwezi. Sikutafuta pengine, Wangeci alinijia mwenyewe. Akasema, "Mama Kadija, nyuma ya pale kwangu kuna chumba. Paa linavuja upande mmoja. Wewe lala upande mwingine." Nitamsaidia kukanda mandazi alfajiri, naye hatanitoza sana. Kwa hiyo Shariff, usilete lori. Nisingependa kuja kwenu kwa sababu sina pengine pa kwenda, maana hivyo ndivyo mlivyotaka kunipata, na hivyo sitakuwa na faida kwenu.

Lakini Nuria, nitakuja. Mwezi wa nane nikijaliwa nitapanda gari la moshi, na nitakaa nawe mpaka mtoto azaliwe na arobaini yako iishe. Nitakaa mlangoni kama ulivyotaka. Usiogope kugeuka kitandani. Lala ubavu wa kushoto, kunywa uji, na kazi za kuinua mwachie Shariff, ana mikono ya kuosha lori safi. Halafu nitarudi Nakuru.

Shariff, sina kinyongo. Nilikuwa nacho, nilikihesabia kila kosa lako tangu ulipokuwa mtoto, nikachoka. Ila siku nyingine ukitaka kunisemea, niulize kwanza, na nikikutumia neno la pili, hilo ndilo neno.

Leo asubuhi wameanza kufyeka mahali pa barabara. Nasikia kutoka hapa. Mti ukianguka kunakuwa kimya kidogo, halafu watoto wa lokesheni wanapiga kelele za furaha. Nimejikuta nasimamisha kazi kila mara mpaka kelele zao ziishe. Pengine kesho nitazoea. Pengine sitazoea, na nitaendelea tu kufunga vitu.

Mkikaa kula, nikumbukeni.

Wenu,
Kadija